Kichwa cha Kwanza

Makadara, Nairobi
9 Machi 1980

Dada Kezia,

Kabla hujauliza hali yangu, nakujibu: kuanzia hapa Makadara mpaka Dandora, na ukitaka uongeze Gikomba yote na wabeba mizigo wake, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Kipindupindu kimezunguka mtaa huu kama askari wa kanjo wa jiji, kikagonga mlango huu na ule, lakini kilipofika mlango wa Phares kilivua kofia, kikasema samahani, kikapita. Nakula sahani mbili. Nalala fofofo mpaka mama jirani, Warigia, anapiga ukuta kwa mwiko akilalamika eti nakoroma kama garimoshi la mizigo. Nimemwambia ashukuru, maana mtu anayekoroma ni mtu aliye hai.

Na kazi? Dada, usinichekeshe. Kiti changu cha kinyozi nimekiweka karibu na korti, na watu wa kesi wote wanapitia kwangu kwanza. Mtu akisimama mbele ya hakimu na ndevu kama mbuzi, utamwonea huruma wewe? Nikishampitishia wembe na kumpaka poda, anaonekana mtu wa kanisa. Wanaofungwa nawaambia hawakunipa muda wa kutosha. Nimenunua kioo kikubwa, mtu anajiona mpaka magoti. Vinyozi wengine hapa wananiita Profesa, nami siwakatazi, ingawa wewe unajua darasa la sita liliniacha mlangoni.

Mtaani mambo yanarudi. Watu wa afya walimwaga chokaa kwenye mitaro yote, tukawa tunatembea kama tumeshukiwa na theluji. Vibanda vya chakula vilifungwa, sasa vimefunguliwa tena. Watu waliacha kupeana mikono, wakawa wanasalimiana kwa nyusi. Mimi nyusi zangu zimechoka kuliko miguu.

Januari unajua ilivyokuwa. Mabasi ya kuja huko yalikuwa yamezuiwa, na telegramu yako ilinifikia mama akiwa ameshazikwa. Basi. Mungu ametoa, Mungu ametwaa, tusirudi huko.

Nitakuja Pasaka. Waambie watoto nitawaletea peremende za Nairobi, zile zinazobadilika rangi mdomoni. Msalimie shemeji Laban. Ochola wa reli naye anakusalimu sana. Anauliza ni lini utampikia tena mboga ya mrenda, maana tangu mwaka ule nilipokuja naye huko nyumbani anasema hajaona mrenda mwingine wa kuitwa mrenda.

Ni mimi mwenye bahati,
Phares


Maragoli
30 Machi 1980

Ndugu yangu Phares,

Barua yako ilifika Ijumaa kwa mkono wa mwalimu mkuu, na kama kawaida bahasha ilikuwa imefunguka yenyewe njiani. Kwa hiyo kijiji kizima kinajua unakula sahani mbili. Mama Selina wa ng'ambo ya mto ameniuliza kama sahani zenyewe ni ndogo.

Sisi hatujambo. Mvua imeanza vizuri. Laban amepona mguu, anarudi kuchuma chai kwa watu. Mtoto wa mwisho ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka. Yule mbuzi mwekundu amezaa pacha.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu, na usilirushe pembeni kama ulivyofanya kwenye barua yako. Umesema tusirudi Januari. Mimi bado niko Januari, Phares.

Hukuwepo, kwa hiyo hujui. Mama alizikwa na watu wa afya. Walikuja na gari, wamevaa buti na glavu za mpira. Tuliruhusiwa kusimama mimi, Laban na baba mdogo. Mchungaji aliombea barabarani, ng'ambo ya ua, na upepo ulikuwa unavuma kwa hiyo hatukumsikia. Hakuna aliyelala hapa. Hakuna moto uliokaa uani mpaka asubuhi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeimba. Mama aliyeimbia kila maiti ya kijiji hiki! Walipomaliza wakatumwagia dawa miguuni sisi wenyewe, wakaondoka.

Sasa naibu wa chifu ametangaza kwamba mikusanyiko imeruhusiwa. Baba mdogo anataka tufanye siku ya kunyoa, tumalize matanga kama watu. Nisikukumbushe, lakini nakukumbusha: mtoto wa kiume ndiye kichwa cha kwanza, na wewe ndiye wa pekee. Wembe wa baba mdogo hauwezi kugusa kichwa changu kabla haujagusa chako. Mpaka siku hiyo mimi bado ni mtu wa msiba. Siendi harusini. Sitii mbegu ardhini kwa mkono wangu mwenyewe. Wenzangu wamepanda, mimi nimekaa ukingoni mwa shamba langu kama mgeni, jirani akinipandia. Nywele zimefika masikioni, nafunga kitambaa juu ya kitambaa. Laban anasema anaishi na kichaka.

Tumeweka Jumamosi baada ya Pasaka. Njoo.

Halafu jambo moja. Umeniandikia habari za kioo, poda, nyusi na mwiko wa jirani. Hujauliza mama alikufaje.

Dada yako,
Kezia


Makadara
24 Aprili 1980

Dada yangu Kezia, mama yangu wa pili,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikiwa nimepiga goti la kulia, kwa sababu la kushoto linauma. Najua Jumamosi mliningoja. Najua baba mdogo alinoa wembe akauweka juu ya kitambaa cheupe. Usinilaumu kabla hujasikia.

Ijumaa ile nilikuwa nimeshafunga mzigo. Peremende ziko ndani, hata sasa nikiandika naziona. Mara anakuja Kabiru, seremala wa Gikomba, tena anakimbia.

"Phares, umeniua!"

"Nimekuua vipi na wewe unaongea?"

"Kesho naoa! Nina kaka sita, wajomba wanne, na wote wanafanana na wezi. Nani atawanyoa?"

"Nenda kwa Irungu."

"Irungu? Irungu alimnyoa baba yangu, mzee akaonekana kama yai lililopasuka!"

Sasa dada, wewe ungefanyaje? Harusi ni harusi. Nilinyoa vichwa vyote, nikapewa kiti mbele pamoja na wazee wao, nikahutubia. Watu walilia kwa kucheka. Bibi harusi aliomba nirudie ile hadithi ya hakimu.

Kuhusu mambo ya huko, nimepata suluhisho, na utakubali kwamba mimi si mtu wa kushindwa. Juzi asubuhi nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikashika kioo kidogo nyuma, kioo kikubwa mbele, nikajinyoa kichwa chote. Irungu akaja na kikombe chake cha chai.

"Buda, leo unanyoa nani?"

"Namnyoa mteja wa maana kuliko wote."

"Mbona unalia?"

"Sabuni imeingia machoni."

Basi imeisha! Kichwa cha kwanza kimeshanyolewa. Nimenyolewa na mtu wa damu yangu, tena fundi wa Nairobi. Baba mdogo anaweza kuendelea na wewe kesho asubuhi. Panda mahindi yako, nenda harusini, cheza mpaka chini.

Hapa kuna harufu ya ile dawa ya chokaa bado. Wengine wanasema imekwisha, pua zao zimekufa. Mimi naisikia kila mahali, mpaka kwenye chai.

Ochola anakusalimu. Anasema nywele zikishanyolewa, mrenda.

Ndimi,
Phares, Profesa


Maragoli
16 Mei 1980

Phares,

Salamu. Watoto wazima, Laban mzima, mbuzi wazima.

Nilipeleka barua yako kwa baba mdogo nikamsomea. Nilipofika pale pa kioo kidogo nyuma na kioo kikubwa mbele aliniambia nirudie. Nikarudia. Akachukua ule wembe uliokuwa umekaa juu ya kitambaa tangu Pasaka, akaufunga, akaurudisha kwenye sanduku.

"Nani alimfundisha huyu mtoto?" akaniuliza.

"Alijifundisha mwenyewe," nikasema.

"Mtu anayejinyoa peke yake amejitoa nyumbani. Anasema yeye ana msiba wake na sisi tuna wetu. Mama yake alikuwa wa nani? Wa Nairobi?"

Nikakutetea. Nikasema hukujua. Lakini ulijua, Phares. Ulikuwepo tuliponyolewa kwa ajili ya baba. Ulikuwa mdogo, ukakimbia, ukakamatwa kwenye migomba, ukaletwa unapiga mateke, ukakalishwa mapajani mwa mama. Alikushika kichwa mpaka ukanyolewa wa kwanza. Huwezi kuniambia hukumbuki.

Kunyoa si kuondoa nywele. Hata panya anaweza kuniondolea nywele nikilala. Ni kukaa pamoja uani, mtu aseme marehemu aliumwa vipi, nani alimwuguza, alisema nini, nani ana neno moyoni alitoe, kisha wembe upite. Wewe umejinyoa bila kusikia neno lolote. Ndiyo maana nasema hujaniuliza.

Baba mdogo amesema itabidi uziache ziote tena. Zikifika pale ambapo mtu anaweza kuzishika kwa vidole, uje. Tutangoja. Mimi pia nitangoja, nikiwa na kichaka changu.

Dada yako,
Kezia

Shemeji, ni mimi Laban. Kezia amekwenda kisimani, naandika hapa chini kabla sijafunga bahasha. Hakuambii, kwa hiyo nakuambia mimi. Anaosha mtungi wa maji asubuhi, anauosha mchana, anauosha jioni. Anachemsha maji, yakipoa anachemsha tena. Mikono imepasuka mpaka inatoa damu, nimeficha sabuni, anatumia majivu. Mtu akimpa kikombe hanywi. Watoto akiwapa maji anasimama anawatazama matumboni kama anangoja kitu. Kule hospitali walisema mwili ni mzima. Sikujua niandikie nani. Usimwambie nimeandika.


Makadara
2 Juni 1980

Dada Kezia,

Hujambo? Na hao mbuzi, je, wanatembea? Mimi mzima kupita kiasi. Wiki iliyopita nilipimwa uzito pale sokoni na mtu wa mizani akaniuliza kama nimebeba mtu.

Nimesikia maneno ya baba mdogo. Mwambie nimeyapokea kwa mikono miwili. Nywele zimeanza, zinachoma kofia. Lakini nywele zangu ni za Nairobi siku hizi, haziharakishwi.

Habari ya kazi: nimejipandisha cheo. Sinyoi tena kwa mkono wangu, mimi ni msimamizi. Mteja akija namkalisha kwangu, namwangalia kichwa, nafikiri, halafu nampeleka kwa Irungu na maagizo. Irungu ananyoa, mimi nazungumza na mteja. Wengi wanasema mazungumzo yangu ndiyo wanayoyafuata. Juzi mmoja alikataa, akasema anataka mkono wangu mwenyewe.

"Niko likizo," nikamwambia.

"Likizo gani na umekaa hapa?"

"Likizo ya mkono. Mimi mwingine niko kazini."

Alicheka akaenda kwa Irungu.

Sasa nikushauri, na huu ni ushauri wa mtu aliyeona mengi. Hapa mtaani kuna watu ambao kile kipindupindu hakikuwagusa tumbo ila kimekaa kichwani. Kuna mzee mmoja wa posta hafungui dirisha. Warigia kila siku anahesabu watoto wake kwa sauti, wakiwa mbele yake, wote, kisha anaanza tena. Mhubiri mmoja amenyamaza, hahubiri wala hasalimu. Hawa si wachawi, wala hawakurogwa. Wameogopa sana, na woga haukujua kwamba ugonjwa umeondoka. Kwa hiyo ukiona mtu kama huyo huko nyumbani, yeyote, simtaji mtu, usimcheke na usimfiche sabuni. Kaa naye. Mwimbie kidogo. Mimi nimemwimbia Warigia kupitia ukutani na siku hiyo alihesabu mara chache.

Mwanamume anayejua mambo kama haya utasema amesoma chuo kikuu.

Ochola anakusalimu.

Phares


Maragoli
17 Agosti 1980

Phares, mdogo wangu,

Nimekuandikia Juni mwishoni, nimekuandikia Julai, kimya. Nikadhani umehama. Kumbe hujahama.

Salamu kwanza. Tumevuna, si sana. Mbegu iliyotiwa na mkono wa jirani haipaliliwi kwa moyo ule ule. Jino la mtoto limeota, limepinda. Mwalimu mkuu anasema amekosa barua zako, siku hizi jioni hana la kusoma.

Mirriam binti wa mchungaji alirudi likizo kutoka huko Nairobi. Nilikuwa nimemwomba apite kwako. Alikuja na habari na sikutaka kuzipokea, kwa hiyo nilimpa viazi vya kuchemsha nikamwacha ale mpaka akamaliza. Ndipo nikamwambia, haya, sema.

Anasema kiti chako kimelazwa miguu juu, kimefunikwa gunia. Hakuna kioo kikubwa. Irungu ndiye aliyemwonyesha mlango wako. Anasema ulimfungulia umekonda, shati limekuwa kubwa, na ulimchekesha tangu alipoingia mpaka alipotoka, lakini chai uliyomkaribisha ilibidi aimimine mwenyewe. Anasema ulikalia mikono yako.

Na anasema, Phares, kwamba alipomuuliza Irungu habari za Ochola ili ampe salamu zangu, Irungu alitazama chini. Ochola alikufa Januari. Sasa niambie, huyo anayenisalimu kila barua ni nani?

Sikukasirika. Nilikaa na barua zako zote mapajani, nikafikiria kwamba mtu asingefanya hivyo kwa furaha.

Basi na mimi nitasema langu, maana Laban hawezi kuandika chini ya barua akadhani wino wake hauonekani upande wa pili wa karatasi. Niliyasoma kabla barua haijaondoka. Alisema kweli.

Siku ile mama alianza kuumwa alfajiri. Alikuwa ananiambia, Kezia, maji, maji. Nilichota pale pale kisimani tunapochota sote. Nikampa, akanywa, akataka tena, nikampa. Nilimpa siku nzima. Yalikuwa yanatoka na mimi namwongezea. Watu wa afya walipofika wakapima kile kisima, wakatia alama nyekundu, wakasema yale maji ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Yale yale niliyokuwa nampa. Yule kijana wa afya aliniambia mama alikuwa ameshaugua kabla, na kwamba mgonjwa kama huyo lazima apewe maji. Nimemwelewa. Naelewa kabisa. Halafu nashika kikombe na mkono unasema hapana.

Haya sijayasema kwa baba mdogo wala kwa Laban. Ni maneno ya siku ya kunyoa. Nilikuwa nimeyaweka kwa siku hiyo, ndiyo maana nakusumbua. Hunyolewi wewe, na mimi siwezi kuyatoa. Ukae na woga wako kwa miaka, ni haki yako, lakini umenifungia mlango.

Mama hakusema maneno mengi. Mara moja alitaja jina lako. Alisema, "Phares angekuwa hapa angetuchekesha," akafunga macho. Kwa hiyo alikufa akingoja mzaha, usidhani alikulaumu.

Nywele zako zimefika wapi? Nijibu hilo tu, hata kama mengine yamekushinda.

Dada yako,
Kezia


Makadara
9 Septemba 1980

Dada Kezia,

Nakusalimu wewe, Laban, watoto, mbuzi wote, na mwalimu mkuu ambaye najua anasoma kabla yako. Mwalimu, shikamoo. Leo usisome kwa sauti.

Nywele zinashikika. Nimejaribu kwa vidole, nikavuta, zikauma. Nitapanda basi la Ijumaa ijayo. Nimemwambia Irungu anisindikize mpaka stendi na asiondoke mpaka basi litoke, maana nikiachwa peke yangu naweza kukuandikia barua nyingine ya harusi. Ile harusi ya Kabiru ilikuwepo, ila mimi nilisimama nje ya ua nikarudi nyumbani. Irungu ndiye aliyenyoa wote.

Nikwambie habari za Ochola, halafu nipumzike.

Ilikuwa wiki ile ile ya telegramu yako, siku moja kabla. Ochola alitoka kazini reli akaja kunyolewa ndevu. Alikuwa na safari ya kwenda kwao Kisumu na garimoshi la kazini kuona watoto. Alikaa, akaweka kichwa nyuma, akaanza masihara yake. "Profesa, ninyoe vizuri, mke wangu ana macho." Nikanyoa upande wa kulia. Safi kabisa. Nikapiga povu upande wa kushoto, nikanoa wembe, akaniambia, ngoja kwanza, tumbo. Akaenda chooni na taulo langu shingoni. Nikangoja. Nikamwita nikimtania, nikamwambia analipa au anakimbia? Walipomtoa hakuweza kusimama. Wakaja watu wa gari wakamchukua, povu bado liko kwenye shavu. Nilikimbia nyuma ya gari na wembe mkononi kama mwendawazimu. Sikujua nataka kufanya nini. Nadhani nilitaka kumaliza.

Alizikwa na watu wa afya, kama mama, hapa hapa Nairobi, hakufika Kisumu. Alizikwa amenyolewa nusu. Kesho yake ndiyo nikapata telegramu ya mama.

Tangu siku hiyo nikifika upande wa kushoto wa mtu, mkono unatetemeka. Kulia sina shida. Kushoto naona lile povu. Nilimkata mteja mmoja, nikamkata wa pili, wa pili akanishika shati. Nikakipindua kiti. Kioo kikubwa kilikuwepo kweli, baadaye nilikivunja mwenyewe, hakikuanguka. Nilipojinyoa kichwa Aprili nilikuwa najaribu kama mkono utapita kushoto kwangu mwenyewe. Ulipita, lakini uliacha makovu, ndiyo maana nikavaa kofia.

Chakula napika, nakaa nacho, nampa Warigia. Ananipigia ukuta kwa sababu natembea chumbani mpaka kunapambazuka. Ile ya kukoroma niliibuni mwenyewe. Alipoanza kuhesabu watoto wake, siku moja nikasikia anaongeza, "na Phares." Sikumwambia kwamba nilisikia.

Salamu za Ochola nilikuwa naandika kwa sababu nikiacha kuziandika atakuwa amekufa mpaka huko kwenu. Huko ndiko pekee alikokuwa bado anataka mrenda.

Sasa kuhusu wewe. Nimesoma habari ya maji mara nyingi. Sina elimu ya kukujibu, ila najua hivi: mama aliomba maji na kulikuwa na mtu wa kumpa. Ochola aliomba maji ndani ya lile gari. Nilimsikia, na mlango ulikuwa umefungwa. Nisikilize mimi kwa hilo, dada, hata kama hunisikilizi kwa mengine. Hayo maneno yako tutayasema uani, mbele ya baba mdogo, mimi nikiwa nimekaa karibu nawe. Halafu siku hiyo nitakapofika, kabla sijakaa, chota maji, uyachemshe mara moja tu, na unipe kwa mkono wako. Nitayanywa yote mbele ya watu na utanitazama tumboni kadiri upendavyo. Nitakaa hapo wiki nzima ili uone sijafa.

Mwambie baba mdogo nina ombi moja. Aanze na upande wa kushoto. Nikitetemeka asisimame. Nikipiga mateke anikamate, Laban ashike miguu, lakini akishaanza asiache katikati. Na baada ya mimi, kabla yako, naomba apitishe wembe hewani mara moja kwa ajili ya mtu wa Kisumu. Kama ni mwiko, mwambie nilaumiwe mimi.

Hiyo bahati niliyokuandikia Machi, Kezia, sikuwa nayo. Nilidanganya.

Phares